Chupa Namba Saba

Saa saba mchana mkuu wa upelelezi alipiga simu, na hata salamu hakutoa.

"Inspekta, gari linakuja saa tisa na nusu kumchukua huyo msichana. Leo analala mahabusu, kesho anasomewa shtaka la kujaribu kuua. Vidonge vimekutwa kwenye begi lake, chupa alijaza yeye, na nahodha akitoka uwanjani anayeingia ni yeye. Unataka nini tena, akuimbie?"

"Nataka niongee naye."

"Ameshahojiwa mara mbili."

"Mimi sijamhoji hata mara moja, afande."

Mkuu akakata simu. Inspekta akaitazama ile simu kwa jicho baya, kisha akaiweka mfukoni. Jalada lenyewe alikuwa amerithishwa asubuhi ile ile, kwa sababu mwenzake aliyelianza alishikwa na tumbo, na jalada la kurithi ni kama kiatu cha kuazima. Linabana pale ambapo mwenyewe hakuhisi kitu.

Mambo yalivyoandikwa yalikuwa hivi. Jana saa tisa ilichezwa nusu fainali ya mpira wa kikapu ya wanawake, mashindano ya taifa ya vyuo. Robo ya tatu, nahodha wa timu moja alipenya na mpira kuelekea kikapuni, miguu ikagongana yenyewe kwa yenyewe, akaenda kichwa mbele mpaka kwenye nguzo. Hospitali wakapima damu. Ilikuwa na dawa ya mzio, ile inayoleta usingizi, kiasi cha kumlaza ng'ombe. Maabara ikaikuta dawa hiyo hiyo kwenye chupa aliyoinywea, yenye plasta iliyoandikwa namba saba. Nahodha alikuwa amevaa jezi namba saba. Mpaka sasa hajafumbua macho. Timu yake ilishinda kwa vikapu viwili, na fainali ilikuwa leo, saa kumi.

Msichana mwenyewe alikuwa amewekwa kwenye ofisi ya msimamizi wa ukumbi, katikati ya nyavu zilizochanika na mipira iliyoishiwa pumzi. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, mdogo kuliko wote kwenye timu, ndiyo maana wakamwita Kitinda. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye sahihi kumi na moja, za wachezaji wenzake kumi na kocha wao. Wote wanathibitisha kwamba ni yeye, peke yake, aliyejaza chupa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Nimekuuliza kula." Inspekta akasogeza kiti. "Vidonge ulivipata wapi?"

"Kwa Dada Dawa. Jumatatu nilitoka vipele mwili mzima."

Dada Dawa alikuwa mchua misuli wa timu, anayefunga vifundo na kutunza sanduku la dawa. Inspekta alikwisha kuyasoma maelezo yake: hakumbuki kumpa mtu yeyote kidonge.

"Alikupa vingapi?"

"Kumi. Nikameza viwili, vikanilaza kama mzigo, nikaacha."

Inspekta akafunua jalada. Vilivyokutwa kwenye begi vilikuwa vinane. Maabara nayo ilikadiria kwamba ndani ya chupa viliyeyushwa visivyopungua sita. Kutoa na kujumlisha mtoto wa darasa la pili anajua, lakini jana hakuna aliyejisumbua, na hilo lilimpandisha Inspekta hasira mpaka masikio yakapata moto.

"Sasa nieleze habari za chupa. Anzia bombani."

"Saa saba na nusu nilijaza zote kumi na mbili, glukosi ya machungwa. Ni kazi ya mgeni kwenye timu. Nikazipanga kwenye sanduku la barafu ndani ya chumba cha kuchulia, nikaenda kuvaa. Sikurudi tena."

"Ulipojaza namba saba, ulijua ni chupa ya nani?"

"Ndiyo. Ya Mnara."

Kalamu ya Inspekta ikasimama.

"Mnara ndiye nani?"

"Yule mrefu wetu, anayecheza chini ya kikapu. Mdogo wake Dada Dawa, tumbo moja."

"Lakini aliyevaa saba ni nahodha."

"Jana tu, kwa sababu ya zile jezi za kijani." Kitinda akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Jezi nyeupe ni mpya, kila mtu alijichagulia namba. Mnara saba, nahodha kumi. Chupa zimeandikwa kwa namba hizo. Za kijani ni za zamani, tunazigawana kwa kimo. Ile kubwa kabisa ni namba kumi, kwa hiyo anavaa Mnara. Saba ni ndogo, ikamwangukia nahodha."

"Na chupa?"

"Namba ya kifua ndiyo namba ya chupa. Sheria ya kocha, tangu timu nzima ilipoambukizana mafua. Ukishika chupa ya namba nyingine, unazunguka uwanja mara ishirini."

"Kwa hiyo nahodha alivaa saba, akanywa saba."

"Ndiyo."

"Mbona hukuyasema haya jana?"

"Walikuwa wananiuliza kwa nini nimefanya. Habari za chupa hawakuuliza."

Inspekta akasimama. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro robo. Alitamani kumwambia huyu mtoto neno la kumtuliza, lakini bado hakuwa nalo, na neno la kubahatisha alilichukia.

"Agiza chakula," akasema mlangoni. "Mwambie askari ni amri yangu."

Ukumbini watu walikuwa wameanza kuingia. Pembeni mwa uwanja, kwenye meza ndefu, mwandishi wa mchezo alikuwa amepanga kalamu zake mbili, nyekundu na nyeusi, na rula. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu," akaeleza kabla hajaulizwa. "Nyeusi kwa ya pili na ya nne. Ukichanganya, umeharibu mchezo."

"Mwalimu, naomba karatasi ya jana."

"Ipi? Nzuri au iliyoharibika?"

"Kuna iliyoharibika?"

"Mama, mimi karatasi iliyoharibika siitupi. Aliyenifundisha kazi hii alinikemea mbele ya watu kwa kuchana moja, na sijasahau mpaka leo." Akatoa faili, akailaza mezani kwa heshima zote. "Hii ndiyo ya kwanza. Majina kumi na mawili, namba za jezi nyeupe. Kocha ametia sahihi. Halafu timu zote mbili zikatoka na nyeupe! Wasimamizi hawakuelewana, kila mmoja aliipa timu yake rangi ile ile. Refa akarusha sarafu. Hawa wakashindwa, wakaenda kuvaa kijani, na mimi nikaandika upya majina yote. Upya! Mkono huu una miaka sitini na sita."

Inspekta akaziweka karatasi mbili bega kwa bega. Kwenye ile ya kwanza, saba ilikuwa ya Mnara na kumi ya nahodha. Kwenye ya pili, kinyume chake.

"Sarafu ilirushwa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu kamili. Nimeandika hapa pembeni, ili mtu asije akasema nilichelewesha mimi."

"Na sanduku la barafu lililetwa saa ngapi?"

Mzee akavua miwani. "Usinikumbushe lile sanduku. Saa nane na dakika kumi wakalitua juu ya meza yangu, linavuja! Nikalishusha chini na kuweka miguu yangu miwili juu yake. Halikufunguliwa mpaka mapumziko ya kwanza, na hata hapo hakuna aliyegusa chupa isiyo yake, nilikuwa nikitazama. Angelifungua nani na miguu yangu iko juu?"

Inspekta akataka kucheka, kisha akahesabu zile saa. Dawa iliingia kabla ya saa nane na dakika kumi. Wakati huo chupa namba saba ilikuwa ya Mnara, na hapakuwa na binadamu aliyejua kwamba dakika ishirini baadaye sarafu ingegeuza namba. Aliyetegewa hakuwa nahodha. Na Kitinda, ambaye kichwa chake kinaishia kwapani mwa Mnara, asingeweza kucheza nafasi ya Mnara hata kwa ngazi.

Basi nani alitaka Mnara alale? Wa kwanza kufikiriwa ni wapinzani.

"Wale wengine walifika lini ukumbini?"

"Saa nane na robo. Basi lao liliharibika njiani. Nimeandika pia."

Sanduku lilikuwa tayari chini ya miguu ya mwalimu. Wapinzani wakatoka kwenye orodha, wote pamoja na basi lao.

"Chumba cha kuchulia kinafungwa?"

"Kina ufunguo mmoja. Anao mchua misuli wao, anauvaa shingoni. Naye ana lake! Jezi zilipobadilishwa hakuwepo, alikwenda kutafuta barafu. Karudi robo ya pili, akakatiza mbele ya meza yangu mchezo ukiendelea. Nilimgombeza, lakini hakunisikia. Alikuwa amemkodolea macho mdogo wake kama amemwona leo."

"Alimwona amevaa kumi," akasema Inspekta.

"Sasa avae ngapi? Si nimekwambia kijani?"

Inspekta akamshukuru, akaomba karatasi zote mbili, na mzee akazitoa baada ya kuandikiwa hati ya kuzipokea, yenye tarehe, saa na sahihi.

Chumba cha kuchulia kilinuka mafuta ya kuchulia na plasta mpya. Mnara alikuwa amelala chali kwenye kitanda chembamba, miguu imepita mwisho wa godoro, taulo machoni. Dada Dawa alikuwa akimfunga kifundo cha mguu, mzunguko juu ya mzunguko, kwa mikono iliyojua kazi yake. Ufunguo ulimning'inia kifuani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na macho ya mtu ambaye hajaonana na usingizi.

"Nani kawasha taa?" akauliza Mnara chini ya taulo.

"Taa haijawashwa," akasema dada yake. "Ni dirisha."

"Lifunge. Tunaanza saa ngapi?"

"Saa kumi."

Inspekta akajitambulisha, akaegemea ukuta. Dada Dawa akakata plasta, akaanza mguu wa pili.

"Dada, tunaanza saa ngapi?"

Mkasi ukagonga sakafu. Dada Dawa akainama kuuokota na akakawia kuinuka.

"Binti," akasema Inspekta, "nenda kakae na askari wangu nje kidogo."

Mnara akashuka kitandani. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili akashika ukuta, na kuanzia hapo mpaka mlangoni hakuuachia. Mlango ulipofungwa, Inspekta akaweka karatasi mbili za mwalimu juu ya godoro.

"Amegonga kichwa lini?"

"Robo fainali," akasema Dada Dawa. Sauti ilitoka kavu. "Kiwiko. Usiku ule alitapika mara nne. Aliniita kwa jina la mama yetu, na mama alikufa zamani."

"Daktari wa mashindano hakumpima?"

"Alimpima. Maswali yale wachezaji wote wanayajua kwa moyo. Leo ni siku gani, mmeshinda ngapi, taja miezi kuanzia mwisho. Mnara aliyakariri kama shairi."

"Ulimwambia kocha?"

"Nilimpigia magoti, dada yangu. Akaniambia, 'Kichwa hakidaki mpira. Mfunge miguu, hiyo ndiyo kazi yako.' Nikamwambia Mnara mwenyewe, akasema nikienda kwa daktari hatanisamehe maisha yake yote. Ni mwaka wake wa mwisho." Akakaa juu ya kitanda, karatasi zikakunjika chini yake. "Nikasema, akipata usingizi tu, kocha atamwona mzembe, atamtoa. Nikasaga sita. Nilijua atasinzia, atakaa benchi, basi. Siyo sumu."

"Ukaenda kutafuta barafu."

"Sikutaka kumwona akinywa."

"Ukarudi."

"Nikarudi nikamkuta na kumi kifuani. Nikatafuta saba iko kwa nani." Akaibana mikono katikati ya magoti. "Mapumziko makubwa, nahodha akanyanyua ile chupa. Alikuwa na kiu. Aliinywa yote."

"Wewe ulikuwa umbali gani?"

"Kama hapa na mlangoni."

"Ukasema nini?"

Dada Dawa akaokota kipande cha plasta sakafuni.

"Nimekuuliza, ukasema nini?"

"Sikusema. Nilijiambia, na yeye atasinzia tu, atakaa. Ningepaza sauti, ningeeleza vipi? Nilijua nahodha anavyokimbia, kwa kasi ile..." Akalia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyezoea kulia mbele ya watu.

Inspekta alimwacha. Alimhurumia, na papo hapo akatamani kumtikisa mabega mpaka meno yagongane. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Na Kitinda? Ulimpa vidonge kwa mkono wako. Ukaandika hukumbuki."

"Ningesema. Fainali ikiisha ningesema."

"Gari la kumpeleka mahabusu linafika saa tisa na nusu. Fainali ni saa kumi. Ungemfuata selo kumpa pole?"

"Mimi nina mdogo mmoja tu duniani, Inspekta."

"Na yule ni mdogo wa nani? Aliokotwa?"

Dada Dawa akafunika uso. Inspekta akatazama sinki. Ndani yake chupa mpya ya namba saba, badala ya ile iliyochukuliwa na maabara, ilikuwa imelala kifudifudi, tupu, na tone la rangi ya machungwa lilikuwa bado mdomoni.

"Umetia tena leo?"

"Nilitia. Nikamwaga. Sikuthubutu." Akavua ufunguo shingoni, akanyoosha mkono kumpa. "Nifunge mimi. Ila mwite daktari kwanza. Nakuomba asicheze."

Daktari wa mashindano aliitwa, na safari hii Inspekta alisimama kando yake na kumkataza kuuliza maswali yale yanayokaririwa. Daktari akamulika macho ya Mnara kwa tochi, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, na Mnara akaanguka mikononi mwa askari. Jina lake likapigwa mstari kwenye orodha ya wachezaji. Msichana alilia kwa hasira, akamtafuta dada yake kwa macho kwenye korido, akamkuta katikati ya askari wawili.

"Mimi sina dada!" akapiga kelele. "Sikia! Sina!"

Dada Dawa akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutembea. Gari lilikuwa limefika kwa wakati wake, nalo likamchukua yeye.

Mkuu alipopigiwa simu alisema, "Haya, mwachie huyo mwingine." Huyo mwingine. Inspekta akakata simu yeye safari hii.

Kitinda alikuwa bado ofisini, sahani ya wali mbele yake imeliwa nusu. Inspekta akamweleza yote wima wima, bila kupamba, mpaka kwenye zile hatua chache kati ya Dada Dawa na chupa. Msichana alisikiliza akitazama meza.

"Kwa hiyo niko huru?"

"Uko huru. Begi lako hili hapa. Vidonge tunabaki navyo."

Hakufurahi. Inspekta alikwisha kuwaona wengi wakiachiwa, wengine wanaruka, wengine wanazimia. Huyu alivuta pumzi, akaendelea kukaa.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Kocha. Kifuani ana filimbi, mkononi ana jezi nyeupe.

"Kitinda! Haya, haraka, zimebaki dakika ishirini. Sina nahodha, sina Mnara. Nimekwisha kukuandika kwenye watano wa kwanza. Vaa."

Kitinda akaipokea jezi. Akaipapasa namba kwa kidole gumba.

"Kocha, ile karatasi ya sahihi. Yako ni ya ngapi?"

"Tutaongea baada ya mchezo."

"Ni ya kwanza. Wenzangu walipoiona yako wakatia za kwao."

"Mwanangu, kila mtu alikuwa na wasiwasi. Wenzako wanakusubiri."

"Wenzangu jana walinitolea begi nje, Kocha. Mvua ilikuwa inanyesha." Hakupaza sauti. Alikuwa akisema kitu kilichotokea. "Na Dada Dawa alipokwambia kuhusu kichwa cha Mnara, ulimjibu nini?"

Kocha akamtazama Inspekta kama anayeomba msaada. Inspekta alikuwa akiandika kwenye daftari lake, jina la kocha kamili na saa, kwa sababu hapo palikuwa na maelezo ya kuchukua, tena marefu.

Kitinda akaikunja ile jezi vizuri, mabega ndani, namba juu, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Sichezi."

"Unajua fainali ya taifa inakuja mara ngapi katika maisha ya mtu?"

"Sijui. Mimi ndiyo kwanza mwaka wa kwanza." Akanyanyua begi. "Afande, hospitali ni mbali?"

"Dakika kumi kwa gari."

"Nahodha ana mtu pale?"

"Mama yake. Yuko tangu jana."

Msichana akasimama mlangoni, kamba ya begi kaishika kwa mikono miwili.

"Anajua kama siyo mimi?"

"Bado," akasema Inspekta. "Jana wapelelezi waliandika jina lako, wakampelekea. Ndilo alilonalo."

"Basi twende ukamwambie. Umwambie mimi nikiwepo, anione usoni."

Inspekta akachukua funguo za gari.